Je, wajua kwa nini barabara tupu humtisha mwenye baiskeli kuliko foleni?

Mtu anayetoka Makorora, hapa mjini Tanga, kila asubuhi kwenda kibaruani kwa baiskeli huomba jambo moja: magari yapungue. Mwaka 2020 ombi hilo lilijibiwa karibu dunia nzima kwa mkupuo. Korona iliwafungia watu ndani, magari yakapungua kweli, halafu hesabu za ajali zilipotoka zikawashangaza hata waliozoea kuzisoma. Vifo havikushuka sawasawa na magari. Kwingine vilipanda.

Tazama Uingereza, ambako safari za baiskeli huhesabiwa kila mwaka. Amri ya kukaa ndani ilitolewa tarehe 23 Machi 2020. Ukichukua mwaka wote, maili zilizoendeshwa na magari zilipungua kwa asilimia 21, na za baiskeli zikaongezeka kwa karibu asilimia 46. Waendesha baiskeli waliokufa walikuwa 141, kutoka 100 mwaka 2019. Ukiishia hapo utasema baiskeli imekuwa hatari zaidi. Ila gawanya idadi hizo kwa maili zilizoendeshwa: wote walioumia, wadogo kwa wakubwa, walipungua kwa takriban theluthi moja kwa kila maili, lakini waliokufa walipungua kwa kama asilimia 4 tu. Maana yake ni kwamba kugongwa kulipungua sana, ila aliyegongwa aligongwa kwa nguvu zaidi.

Marekani ilikuwa mbaya zaidi. Maili za magari zilipungua kwa zaidi ya asilimia 10, na bado watu zaidi ya 38,000 walikufa barabarani mwaka huo, idadi kubwa kuliko ya mwaka wowote tangu 2007. Waendesha baiskeli zaidi ya 930 walikuwa miongoni mwao, ongezeko la kama asilimia 9.

Sisi Tanzania hatukufungiwa ndani, lakini barabara ilibadilika. Mgonjwa wa kwanza alitangazwa tarehe 16 Machi 2020, na kesho yake shule zikafungwa. Daladala zikaamriwa kubeba abiria waliokaa tu, ile leveli siti. Wanafunzi wengi hawakurudi madarasani mpaka tarehe 29 Juni. Tanga tuna jambo la ziada, kwa sababu barabara yetu ya kaskazini inaishia Horohoro, mpakani. Kenya ilianza amri ya kutotoka usiku tarehe 27 Machi, ikazuia watu kuingia na kutoka Mombasa, Kwale na Kilifi tarehe 8 Aprili, kisha ikafunga mpaka wake na Tanzania kwa abiria tarehe 16 Mei, magari ya mizigo yakiruhusiwa kwa masharti. Kwa hiyo anayeleta mkaa au mihogo mjini kwa baiskeli kutoka upande wa Amboni alibaki barabarani na malori. Magari madogo na mabasi hupungua kwanza. Lile zito kuliko yote ndilo linalobaki.

Sasa kwa nini barabara tupu iwe kali hivyo? Jibu kubwa ni mwendo, na mwendo hauamuliwi na kibao. Kibao cha kilomita 50 kwa saa kimesimama palepale siku zote, lakini mkuu wa barabara ni foleni. Gari lililo nyuma ya daladala haliwezi kukimbia kuliko daladala, hata dereva awe na haraka kiasi gani. Ondoa daladala, bajaji na wanafunzi wanaovuka, na kila dereva anabaki na mguu wake mwenyewe. Asiye na haraka ataenda 50. Mwenye haraka ataenda 80, na huyo ndiye atakayekupita. Tena wakati wa korona madereva waoga, wazee na wazazi wenye watoto ndio waliokuwa wa kwanza kubaki nyumbani.

Pima kwa upande wa aliye kwenye pedali. Baiskeli yako inakwenda kilomita 15 kwa saa. Gari liko mita 50 nyuma yako. Kama ni foleni na gari linakwenda 20, litakufikia baada ya sekunde 36. Utakuwa umeshalisikia, umegeuka, umejipanga. Likija na 50, una sekunde 5. Likija na 80, hazifiki 3. Na dereva naye yuko katika hesabu hiyohiyo. Akikuona na kuchukua sekunde moja kufikiri, gari la 50 limeshakula mita 14 kabla mguu haujagusa breki. La 80 limekula mita 22. Baada ya hapo ndipo breki inaanza kazi, na umbali wa kusimama hukua kwa mraba wa mwendo. Kwenye lami kavu na breki nzima, gari la 50 litasimama baada ya kama mita 28 kwa jumla, la 80 baada ya kama 58. Shirika la Afya Duniani husema anayetembea kwa miguu akigongwa kwa 65 uwezekano wa kufa ni mara 4.5 ya akigongwa kwa 50. Kilomita 15 tu katikati yake! Mwenye baiskeli hana bodi ya gari ya kumkinga kuliko mtembea kwa miguu.

Sababu ya pili ni macho. Dereva huona upesi kile anachokitarajia. Anayeishi Ngamiani, kwenye zile barabara zinazoitwa kwa namba, anajua kila njia panda ina baiskeli: mtu na mkate, mtu na ndoo ya samaki, mtoto aliyebebwa kwenye keria. Anapunguza kabla hajaona kitu. Barabara ikiwa tupu kwa wiki kadhaa, dereva yuleyule anazoea kutokukutana na mtu, na njia panda anaivuka kwa kutupa jicho mara moja. Mtafiti Peter Jacobsen aliliandika hili mwaka 2003 kwa hesabu: watembea kwa miguu au baiskeli wakiongezeka maradufu, majeruhi huongezeka kwa kama asilimia 32 tu, hivyo hatari ya mmoja mmoja hushuka mpaka theluthi mbili ya ilivyokuwa. Wingi wetu ni ngao, na hapa Tanga ngao hiyo tunayo kuliko miji mingi ya nchi hii. Ndiyo maana tunaikosa haraka tukipungua.

Ya tatu hutokea mlangoni mwa mji. Dereva aliyetoka Segera ametembea kilomita nyingi za barabara ya wazi kabla ya kuingia Pongwe. Masikio na macho yake yameshazoea upepo wa 80. Akishuka hadi 65 anahisi anatambaa, anaapa kabisa kwamba amepunguza. Kwa kawaida shughuli za Kange humzindua kwa nguvu: mabasi yanaingia na kutoka stendi, bodaboda zinachomekea, watu wanavuka na mizigo. Kukiwa kimya hakuna wa kumzindua, naye huingia mjini na mwendo wa porini.

Yapo yaliyokuwa mazuri, na ni haki kuyasema. Magari yakiwa machache, dereva anayekupita hana gari linalokuja mbele, basi anaweza kuhama upande wote akakupa nafasi ya kutosha. Ule mbano wa lori, wewe, na basi linalokuja, wote kwenye mstari mmoja, hutokea mara chache zaidi. Hilo bila shaka limechangia majeruhi kupungua kwa kila maili kule Uingereza. Miji iliyojua kutumia nafasi ile ilifanya haraka: Bogotá ilitenga kilomita zaidi ya 70 za njia za muda za baiskeli mwaka huohuo, na Paris ikaiondolea magari mengi barabara ya Rivoli katikati ya mji na kuwapa wenye baiskeli sehemu kubwa. Mahali ambapo baiskeli ilitengewa nafasi yake, mwenye baiskeli hakutegemea tena huruma ya dereva.

Foleni ziliporudi, tabia haikurudi nazo yote. Marekani mwaka 2021 vifo vya barabarani vilipanda tena, vikafika kama 43,000. Mwendo ni mazoea. Aliyekaa miezi akiendesha 80 kwenye barabara ya 50 bila kupatwa na jambo, na bila kumulikwa na trafiki kwa tochi ya kupima mwendo, ameshajifundisha kwamba 80 ni salama.

Na kwetu, barabara tupu huja kila siku kwa saa zake. Alfajiri baada ya swala, malori yanapoanza na mji haujaamka. Jumapili mapema. Na zaidi ya zote, mwezi wa Ramadhani, nusu saa kabla ya magharibi: mitaa imekauka watu, jua liko machoni mwa anayeelekea magharibi, na kila aliye nyuma ya usukani anawahi futari. Mwaka 2020 mfungo ulianza mwishoni mwa Aprili, katikati ya masika na katikati ya hofu ya korona, mambo yote kwa pamoja.

Basi ukiwa kwenye barabara kimya, fanya tofauti na unavyofanya kwenye foleni. Kwanza usijifiche pembeni kabisa. Kaa karibu mita moja kutoka ukingo wa lami, ili dereva akuone kama kitu cha kuzunguka, nawe uwe na pa kukimbilia. Anayegusa ukingo hana akiba: tairi likishuka kwenye bega la barabara, lami inakuwa ngazi. Likishashuka, usilipandishe kwa kulilaza kidogokidogo; tairi jembamba litasugua ukingo, usukani utakataa kugeuka, na utaangukia upande wa magari. Punguza, simama, nyanyua.

Lori likija kwa kasi nyuma yako, kunja viwiko na shika usukani bila kuukaza. Upepo wake husukuma mara mbili: bodi ya mbele inapokupita unasukumwa nje, na linapomaliza kupita unavutwa ndani kuelekea barabarani. Wengi hujikaza kwa msukumo wa kwanza, wakaegemea lori, na mvuto wa pili ukawachukua. Mwenye gunia kwenye keria huupata upepo huo mwingi zaidi, kwa hiyo mzigo ufungwe chini na usizidi sana upana wa usukani.

Kioo ni kitu cha bei ndogo kinachosaidia sana. Usukani wa chuma wa baiskeli nyingi ni milimita 22, sawa na wa pikipiki nyingi, hivyo kioo cha bodaboda chenye klampu yake hukaa vizuri. Kifunge kulia, kwa kuwa sisi tunaendesha kushoto. Nyuma weka kiakisi chekundu kisafi, kisichofunikwa na mzigo. Taa za gari zikiwa chini, mtu aliyevaa nguo nyeusi huonekana karibu mno, pengine mita 30 au 40 tu, na umeona hapo juu gari la 80 linahitaji ngapi kusimama. Kiakisi humwamsha dereva kutoka zaidi ya mita 100.

Breki za vyuma, zile za fito, ziangalie kabla ya masika. Mpira wa breki ukae milimita 2 au 3 kutoka kwenye ringi, na ukibana uguse pande zote mbili kwa pamoja. Ringi ya kromu ikilowa hupoteza sehemu kubwa ya kushika kwake; breki haijaharibika, ni maji yamekaa katikati. Bana kidogo mapema, acha gurudumu lizunguke mara kadhaa lijipanguse, ndipo ubane kwa nguvu. Hilo lifanye kabla hujafika njia panda.

Ukitaka kujua mwendo halisi wa magari ya mtaani kwako, huhitaji tochi ya trafiki. Funga kitambaa kwenye spoku moja ya gurudumu la inchi 28, sukuma baiskeli kando ya barabara na uhesabu mizunguko 22 na nusu. Hiyo ni mita 50. Weka alama mwanzo na mwisho, kaa pembeni, na upime kwa simu sekunde ambazo gari linatumia kutoka alama moja hadi nyingine. Gawanya 180 kwa sekunde hizo. Sekunde 3.6 ni kilomita 50 kwa saa; sekunde 2.25 ni 80. Pima magari 50 mchana kwenye msongamano na mengine 50 saa ya ukimya, andika tarehe, saa na aina ya gari, kisha peleka karatasi hiyo serikali ya mtaa unapoomba tuta au alama. Kama ni barabara kuu ya Segera, Horohoro au Pangani, wenyewe ni TANROADS, wakala wa barabara kuu. Mitaa ya ndani iko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini.