Je, wajua? Tochi inaweza kukuita gizani bila kuwashwa

Tochi kazi yake ni kutafutia vitu gizani. Ikipotea yenyewe gizani, utaitafuta kwa kutumia nini? Umeme ukikatika, mkono huanza kupapasa juu ya meza, ukaangusha glasi, ukashika rimoti, ukarudi mtupu. Na tochi yenyewe, mara nyingi, ilikuwa hapo hapo.

Sehemu ya lawama ni ya jicho. Nyuma yake, kwenye retina, mna seli za aina mbili za kupokea mwanga. Za mchana, kama milioni 6 hivi, ndizo zinazoona rangi na herufi ndogo. Za usiku ni nyingi mno kuliko hizo na huhisi hata mwanga hafifu sana, ila hazitofautishi rangi. Zinatumia kemikali iitwayo rodopsini, ambayo mwanga mkali huivunjavunja. Taa ikizimika ghafla, kemikali hiyo huanza kujijenga upya, na huchukua kama dakika 30 kukamilika. Ndiyo maana dakika ya kwanza ya giza huwa nzito kuliko zinazofuata.

Kuna na jambo la ajabu zaidi: katikati kabisa ya retina, pale tunapokazia macho, hakuna hata seli moja ya usiku. Kitu chenye mwanga hafifu ukikikodolea macho, kinapotea; ukitazama pembeni yake kidogo, kinarudi. Watazamaji wa nyota wanaijua mbinu hii siku nyingi, nayo inafaa vilevile kwa tochi iliyobandikwa alama inayong'aa.

Alama hiyo ndiyo njia ninayoipenda kuliko zote: utepe au rangi inayong'aa gizani. Watu hudhani inatengeneza mwanga. Haitengenezi, inakopa. Mwanga wa chumba ukiipiga, elektroni ndani ya fuwele zake hurushwa juu na baadhi hunasa kwenye vijishimo, mithili ya mitego. Joto la kawaida la chumba huzitikisa, zikawa zinachomoka moja moja, na kila inayochomoka huachia chembe ya mwanga. Rangi za zamani zilitumia zinki salfaidi, na mng'ao wake hufifia upesi. Mwaka 1993 kampuni ya Nemoto ya Japani ilipata mchanganyiko wa strontiamu aluminati, unaong'aa zaidi na kudumu usiku kucha. Rangi yake ya kijani si pambo tu: seli za usiku huona vizuri zaidi rangi iliyo kati ya kijani na buluu, na nyekundu karibu haziioni kabisa.

Uzuri wake ni jinsi inavyopokezana na jicho. Umeme ukikatika ghafla, macho yako bado hayajazoea giza, lakini utepe umetoka kushiba mwanga sasa hivi na uko kwenye ukali wake. Ukiamka saa tisa usiku, utepe umefifia sana, lakini macho yako yameshakuwa makali. Mmoja anaposhuka, mwenzake anapanda.

Sasa makosa yangu. Nilibandika utepe mzuri kwenye tochi, kisha nikaitia kwenye droo. Usiku nilipofungua droo, giza totoro. Asiyekopeshwa atalipa nini? Tochi yenye alama hii lazima ikae wazi, mahali taa ya chumba inapoifikia kila siku.

Kwa anayetaka kitu kisichohitaji kukopa, kuna vichupa vidogo vya kioo vyenye gesi ya tritiamu, aina ya hidrojeni inayotoa mionzi. Mionzi yake dhaifu hugonga rangi iliyopakwa ndani ya kioo, ikang'aa mchana na usiku. Mionzi hiyo haiwezi kupenya kioo. Nguvu yake hupungua nusu kila miaka 12 na kidogo. Usiichanganye na rangi ya radiamu ya saa za zamani: hiyo mng'ao wake hufa mapema, lakini radiamu, ambayo mionzi yake ni hatari, huchukua miaka 1,600 kupungua nusu. Saa kama hiyo usiikwangue hata kidogo.

Mafundi wana ujanja wao. Kwenye tochi ya betri mbili yenye balbu ya waya, huunganisha taa ndogo ya LED na rizista (kifaa cha kubana umeme) yenye ukinzani mkubwa, sambamba na swichi. Tochi ikiwa imezimwa, umeme kidogo hupita kwenye LED hiyo na balbu, na LED huonyesha nukta ya mwanga. Swichi ikiwashwa, umeme hupata njia rahisi na nukta huzimika yenyewe. Kwa mkondo wa sehemu moja ya kumi ya miliampia, betri ya AA yenye miliampia-saa 2,500 ingeilisha kwa saa 25,000, yaani karibu miaka 3. Kwenye tochi za LED ujanja huu mara nyingi hugoma, kwa kuwa LED kubwa nayo inadai volti zake.

Utepe wa kuakisi mwanga, ule wa kwenye fulana za usalama barabarani, hapa hausaidii. Hauoni mwanga, hauakisi kitu.

Na macho yakishindwa kabisa, mkono unabaki. Mimi tochi yangu sasa inaning'inia kwenye msumari ukutani, usawa wa kiwiko, swichi ikielekea upande wa dole gumba. Kidole kinafika kwenye swichi kabla sijakumbuka kutazama ule utepe.