Hipnoterapia si kupandishwa pepo

Barazani kwetu Chake Chake, shoga yangu aliposema anataka kujaribu hipnoterapia, yaani tiba ya kutuliza akili kwa kufuata maelekezo ya mtaalamu, kwa maumivu ya tumbo yasiyokwisha, mama mdogo alishtuka: "Mwanangu, utalazwa usingizi uropoke siri zako zote!"

Hapana. Jina ndilo linalopotosha: James Braid, daktari wa Scotland, alieneza neno "hypnotism" miaka ya 1840 kutokana na neno la Kigiriki la usingizi. Kumbe hulali. Unafumba macho, unafuata sauti ya mtaalamu mpaka pumzi zinatulia. Adhana ikilia unaisikia. Ni kama unavyozama kusuka ukili hadi ukasahau kuwa miguu imekufa ganzi. Ukitaka kuinuka, unainuka.

Husaidia baadhi ya watu, si wote, wala si kwa siku moja. Na tumbo, jamani, kwanza likapimwe hospitali.