Kazi ya nyumbani ni mchango, ila hakimu atauliza ushahidi

Wanaharakati wa haki za wanawake hapa Tanga wamefanya kazi kubwa kuieneza habari moja mpaka vibarazani: mke asiye na mshahara naye ana fungu katika mali ya ndoa. Makorora, Mabawa, Pongwe, hata kwa kina mama wanaolima mwani pwani ya Mkinga, jambo hili linatamkwa siku hizi bila kusitasita. Kinachosahaulika ni nusu yake ya pili, isiyochapwa kwenye fulana za Machi 8, Siku ya Wanawake. Sheria inautambua mchango wa mke, lakini ukubwa wa mchango huo ni wa kuthibitisha. Humo ndimo wengi wanamokwama.

Msingi wenyewe ni Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu maarufu cha 114. Mahakama inapovunja ndoa inaweza kugawa mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja, na inatakiwa kutazama mchango wa kila mmoja, uwe wa fedha, mali au kazi. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ilisema wazi kwamba kutunza nyumba na familia ni kazi inayohesabika. Semina nyingi huifunga hadithi hapo, watu wakapiga makofi. Ukurasa wa mwisho wa hukumu hausomwi: Bi Hawa hakupata kitu, kwa sababu mahakama iliona alipewa fedha za mradi wa familia akazitapanya. Kazi yake ilihesabiwa, halafu na hasara nayo ikahesabiwa. Miaka mingi baadaye Mahakama ya Rufani, ikiketi hapahapa Tanga katika rufaa ya madai namba 102 ya 2018, ikarudia kwamba kiwango cha mchango ni suala la ushahidi.

Ushahidi gani basi? Chukua nyumba ya vyumba vinne Ngamiani, hati ya mauziano ina jina la mume peke yake. Kisheria mali iliyo kwa jina la mmoja huchukuliwa kuwa yake mpaka ithibitishwe vinginevyo, na ikiwa majina ni mawili, mafungu huchukuliwa kuwa sawa. Kwa hiyo mke anaanza nyuma kwa hatua moja, na hatua hiyo hairudishwi kwa kusema "tulijenga wote". Hurudishwa kwa tarehe. Daftari la VICOBA, kikundi cha kuweka na kukopa, linaonyesha ulikopa Machi. Risiti ya duka la vifaa inaonyesha mabati yalinunuliwa Aprili. Fundi aliyeezeka anakuja kusema ni nani aliyemlipa. Karatasi mbili na mtu mmoja vinavyoshikana namna hii vina uzito kuliko ndugu sita wanaosema kwamba wewe ni mchapakazi. Fundi ni shahidi mzuri kuliko dada yako, kwa sababu hana anachogombea. Chukua namba yake ya simu leo, maana mafundi huhama.

Malipo ya simu yanasaidia, lakini picha ya skrini ni ushahidi dhaifu: inapingwa kirahisi, na simu ikiibiwa imekwisha. Nenda ofisi ya kampuni ya simu ukaombe taarifa ya miamala ya kipindi husika, yenye muhuri. Pembeni andika kwa mkono wako kila muamala ulikuwa wa nini: saruji, tofali, ada ya maji. Risiti za karatasi ya mashine hufifia zikawa nyeupe, kwa hiyo zitoe nakala mapema.

Kazi ya ndani ndiyo ngumu kuieleza, na hapa lawama kidogo nawapa wanaharakati wenyewe, kwa kuwafundisha kina mama kutamka neno "mchango" bila kuwafundisha kulijaza. "Nilikuwa nampikia na kumfulia" humwacha hakimu bila cha kupimia. Sema ile kazi ilizaa nini. Tuseme mume alikuwa safarini baharini miezi minane kwa mwaka. Nani alisimama na fundi, nani alikusanya kodi ya vyumba viwili vya mbele, nani alimuuguza mama mkwe, na kuanzia mwaka gani mpaka mwaka gani? Kwa shamba la Muheza taja miti: michungwa mingapi ilikuwepo ulipoolewa, mingapi ilipandwa baadaye, nani alipalilia. Sheria ya Ardhi ya 1999 nayo inampa haki mwenzi aliyeitumikia ardhi kwa nguvu zake, hata kama jina lake halimo kwenye hati.

Mali aliyokuwa nayo mume kabla ya ndoa haikufungii mlango moja kwa moja. Ikiwa imeendelezwa kwa kiasi kikubwa wakati wa ndoa, kwa juhudi zako au zenu wote, inaweza kuingia kwenye mgawanyo. Kiwanja cha ukoo ni kesi nyingine: hapo dai lako ni maendelezo yaliyofanyika juu yake, na ukidai ardhi yenyewe utajikuta unagombana na baba mkwe, shangazi na marehemu babu. Penye wake wawili, panga mali kwa miaka. Iliyochumwa kabla mke wa pili hajaingia itenganishwe na iliyochumwa baada yake, la sivyo kila mmoja atadai jasho la mwenzake.

Sasa njia ya kwenda mahakamani, maana kesi nzuri hufa hapa kwa karatasi moja. Kabla ya kuomba talaka lazima, isipokuwa katika mazingira machache, shauri lipite Baraza la Usuluhishi la Ndoa, la kata au la jumuiya ya dini lililotambuliwa. Likishindwa kuwapatanisha hutoa cheti, Fomu Namba 3. Kisome kabla hujaondoka. Kinatakiwa kiseme kwamba baraza limeshindwa kuwasuluhisha. Barua ya "tunawaleta kwenu kwa hatua zaidi" inaweza kuangusha kesi nzima hata baada ya hukumu, mkaanza upya. Kiwe pia hakijapita miezi sita tangu kitolewe siku unapofungua shauri. Na baraza likianza kuwagawia vitanda na mabati, jua limevuka mipaka: kazi yake ni kusuluhisha.

Kwa ndoa za Kiislamu, ambazo ndizo nyingi huku kwetu, wengi hudhani talaka ya mdomo na kitoka nyumba, yaani kile anachopewa mke anapoachwa, vimemaliza kila kitu. Hapana. Baraza likishathibitisha kushindwa, na talaka ikatolewa kwa taratibu za dini, mahakama huichukua kuwa sababu ya kutamka kwamba ndoa imevunjika. Mgawanyo wa mali bado ni wa mahakama, na Mahakama ya Mwanzo ina uwezo wa kuusikiliza. Waliokaa pamoja miaka miwili au zaidi na kujulikana mtaani kama mke na mume nao wana mlango, dhana ya ndoa, ila dhana hiyo inaweza kupingwa.

Hatari ya mwisho ni nyumba kuuzwa wakati unahangaika na cheti. Nyumba ya ndoa haiuzwi, haiwekwi rehani wala haigawiwi bure bila ridhaa ya mwenzi. Usitie saini fomu ya ridhaa ya mkopo usiyoisoma, hata mume akisema ni "karatasi za benki tu". Ikiwa kiwanja kina hati, weka tahadhari kwa Msajili wa Hati, yaani maandishi rasmi kwamba nawe una haki humo. Kama hakijapimwa, andika barua ya kupinga mauzo kwa mwenyekiti wa mtaa na nakala kwa mtendaji wa kata, kwa sababu mnunuzi makini huanzia huko kuuliza. Kesi ikishafunguliwa, omba zuio la muda la mauzo hapohapo. Barua ile ya kupinga mauzo iwe na nakala tatu. Ya tatu, iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, kaiweke kwa mama yako, usiiache kabatini mwa nyumba inayogombewa.