Mafuta ya nazi hayatoshi kwa ngozi ya mbwa

Hapa Tanga ngozi ya mbwa ikianza kukauka na kutoa mba, watu hukimbilia nazi. Wapo wanaompaka mbwa mafuta ya nazi mwili mzima, wapo wanaomchanganyia tui kwenye ugali, na wapo wanaomwekea machicha yaliyobaki jikoni. Nawaelewa. Sote tumekua tukipakwa mafuta hayo, na mbwa aliyepakwa hung'aa siku hiyo hiyo. Lakini mimi ni daktari wa mifugo, na lishe ya mbwa ndiyo sehemu ya kazi yangu ninayoipenda kuliko zote, kwa hiyo linaniuma jambo hili: mbwa wengi wanaoletwa kwangu wakijikuna wanakula mafuta kila siku, ila mafuta hayo hayana kile ambacho ngozi inakidai.

Kazi ya kwanza ya mafuta ni kumpa mbwa nguvu. Gramu moja ina kalori kama 9, zaidi ya mara mbili ya wanga au protini. Tena vitamini A, D, E na K hazifyonzwi vizuri utumboni pasipo mafuta. Kwa hayo, ya nazi yanafaa, ya ng'ombe yanafaa, ya mawese yanafaa. Tofauti inaanzia kwenye kazi ya pili. Kuna asidi za mafuta ambazo mwili wa mbwa hauwezi kujitengenezea, ni lazima ziingie na chakula, na kubwa yao ni asidi ya linoleiki ya kundi la omega 6. Zamani wataalamu wengi waliyachukulia mafuta kuwa ni nguvu tu. Mwaka 1929 George Burr na mkewe Mildred, wa Chuo Kikuu cha Minnesota huko Marekani, wakawalisha panya chakula kisicho na mafuta kabisa. Panya wakadumaa, ngozi ikajaa magamba, mikia ikaharibika.

Ngozi ya juu imejengwa kama kuta za mawe ya matumbawe za nyumba zetu za kale. Seli ndiyo mawe, na baina yake kuna chokaa, ambayo hapa ni tabaka la mafuta. Asidi ya linoleiki imo ndani ya chokaa hiyo. Ikipungua, maji ya mwilini huvuja kupitia ngozi, mba huongezeka, nywele hufifia na kukatika, bakteria na fangasi hupata pa kuingilia, na kidonda kidogo cha kupe huchukua muda mrefu kufunga.

Sasa tupige hesabu, maana ndiyo iliyonishawishi kuandika. Mbwa mzima wa kilo 15, mlinzi wa kawaida wa uani, anahitaji kalori kama 850 kwa siku. Viwango vya lishe vinataka apate gramu 2.8 za asidi ya linoleiki kwa kila kalori 1,000, yaani gramu 2.4 hivi kwa siku. Mafuta ya alizeti ya kawaida yana kama asilimia 60 ya asidi hiyo, kwa hiyo kijiko kimoja cha chai kinamaliza mahitaji yake ya siku nzima. Mafuta ya nazi yana asilimia 2 tu au karibu na hapo. Kupata gramu zile zile 2.4 ingebidi mbwa huyo anywe gramu 120 za mafuta ya nazi, zaidi ya nusu kikombe, ambazo peke yake zina kalori zaidi ya 1,000. Atanenepa na kuharisha, na ngozi itabaki na njaa yake.

Mafuta ya ng'ombe anayokupa mwenye bucha nayo ni haba, kama asilimia 3. Ya mawese ni asilimia 10 hivi. Ya kuku ni mazuri, karibu asilimia 20, kwa hiyo zile ngozi za kuku ambazo wachinjaji hutupa, zikichemshwa, si chakula cha kudharau. Ugali nao una habari yake. Mafuta ya punje ya mahindi yamo zaidi kwenye kiini, na mahindi yakikobolewa kiini huondoka. Mbwa wa sembe na mchuzi wa mifupa anakosa hata kile kidogo ambacho mwenzake wa dona anakipata.

Jambo moja nawaomba sana: msimpe mbwa mafuta ya kwenye karai yaliyokwisha kaanga mihogo au samaki mara nyingi. Joto likirudiwa huharibu hiyo linoleiki tunayoitafuta, na mazao ya uharibifu huo humaliza vitamini E mwilini. Mafuta ya alizeti pia yakiachwa wazi juani huchacha. Nunua chupa ndogo, iweke penye giza, na ukisikia harufu kali usimpe.

Kwenye omega 3, kundi jingine la asidi za mafuta, pwani yetu imejaliwa. Zile mbili zenye kazi kubwa, EPA na DHA, zimo kwenye samaki wenye mafuta. Mimea kadhaa ina omega 3 ya aina nyingine, ila mwili wa mbwa huibadilisha kidogo mno kuwa EPA. EPA hutuliza uvimbe, kwa hiyo husaidia mbwa mwenye mzio wa ngozi na mbwa mzee mwenye maumivu ya viungo. DHA hujenga ubongo na macho ya watoto, nao huipata kwa mama, kwanza tumboni kisha kwenye maziwa. Jike mwenye mimba ndiye wa kwanza ningemfikiria ninapopita soko la samaki la Deep Sea. Kibua kimoja mara mbili au tatu kwa wiki, kimechemshwa bila chumvi wala kitunguu na kutolewa mifupa, kinatosha mbwa wa kilo 15. Dagaa wakavu wanafaa wakiwa wapya. Waliokaa ghalani mpaka wakageuka rangi ya kahawia wamepoteza sehemu kubwa ya mafuta hayo. Sifa, yaani mafuta ya maini ya papa, iacheni kwa ajili ya vyombo vya baharini, kwani maini ya samaki wengi yana vitamini A nyingi mno, nayo ikirundikana mwilini huumiza mifupa.

Mafuta yakizidi kwa mkupuo, hasa manono ya nyama wakati wa Idi au harusi, kongosho linaweza kuvimba. Mbwa hutapika, hukataa kula, na pengine huinama mbele huku amenyanyua matako kwa maumivu ya tumbo. Hiyo ni dharura, mpelekeni kwa daktari siku hiyo hiyo. Ndiyo maana hata kijiko cha alizeti naanza na robo yake, naongeza polepole kwa wiki moja, na napunguza ugali kidogo ili asinenepe.

Matokeo yanahitaji subira. Ngozi hujijenga upya taratibu, kwa hiyo nategemea kuona mabadiliko kati ya wiki ya 4 na ya 8, nywele zikianza kung'aa zenyewe bila kupakwa kitu. Lakini kama mbwa anajikuna usiku kucha, au nywele zimenyonyoka kuzunguka macho, kwenye ncha za masikio na viwikoni, usingoje wiki hizo. Huenda ni utitiri, nao hauuliwi na mafuta ya aina yoyote. Mlete tumkwangue ngozi kidogo tuangalie kwa darubini, tumtibu kwanza, kisha tuzungumze chakula.