Coger si tusi kila mahali, na guagua si neno moja

Mwanafunzi wa Kihispania hajamaliza hata kunyambua "hablar" (kusema), tayari mtu keshamnong'oneza kwamba "coger" ni neno chafu na asithubutu kulitamka. Onyo hilo lina ukweli kidogo na madhara mengi.

Dhana yenyewe husemwa hivi: Hispania coger ni kuchukua, Amerika ya Kilatini nzima ni kufanya ngono. Kuhusu Hispania hakuna ubishi. Neno limetokana na colligere ya Kilatini, kukusanya, na Madrid mtu atakwambia "coge el autobús", yaani panda basi, bila yeyote kutabasamu. Kosa liko kwenye hilo neno "nzima". Meksiko, Argentina, Uruguay, Paraguay na Bolivia ni kweli, coger ni ngono, tena kwa lugha isiyo na adabu. Lakini Bogotá watu wanapanda basi kwa coger kila asubuhi, na Quito, Havana na Santo Domingo ni vivyo hivyo. Anayelipiga marufuku kwa "Walatino" wote anajifutia kitenzi cha kila siku, halafu Mkolombia akimwelekeza "coja por esta calle", yaani shika barabara hii, anabaki ameduwaa.

Na tuache kutishana. Ukiuliza "¿dónde cojo el colectivo?" Buenos Aires, wataelewa unatafuta basi. Watacheka kwanza, ni hivyo tu.

Kinachosaidia ni kujua kibadala cha kila kazi. Kwa usafiri tumia tomar; inakubalika kila nchi, Hispania ikiwemo. Kwa kitu cha mkononi, Amerika husema agarrar, ila usivuke nayo kwenda Madrid: huko ni kushika kwa nguvu, na "agarrar el autobús" itasikika kama umening'inia mlangoni. Kumfuata mtu uwanja wa ndege ni pasar a buscar. Recoger (kuokota), escoger (kuchagua) na encoger (kunywea) ni za ukoo huohuo lakini hazikurithi tusi, kwa hiyo usizikimbie. Waargentina kwa kuchagua hupendelea elegir, lakini hiyo ni mazoea yao tu.

Zipo dhana nyingine za aina hiyo. "Guagua ni neno moja lililobadilika maana." Hapana, ni maneno mawili yaliyogongana kwa sauti. Lile la Chile, Bolivia, Peru na Ekuador ni mtoto mchanga, kutoka wawa ya Kikechua. Lile la Kuba, Puerto Rico, Jamhuri ya Dominika na Visiwa vya Kanari ni basi.

"Kila nchi ina maana yake moja." Laiti. Arrecho sehemu kubwa ya Kolombia ni mwenye ashiki, lakini Santander, mkoa wa Kolombia hiyohiyo, ni sifa ya mtu jasiri asiyekubali kuonewa. Vuka mpaka uingie Venezuela, arrecho ni mwenye hasira, au jambo lililo bora kupindukia. Neno hili sikiliza tu. Usilitumie mpaka wenyeji wamelitumia mbele yako.

"Kihispania cha Hispania ndicho safi, wengine wameharibu." Upuuzi. Meksiko peke yake ina wasemaji wengi kuliko Hispania. Pinche ni msaidizi wa jikoni kwa Mhispania, na kwa Mmeksiko ni neno la kudharau linalowekwa mbele ya nomino. Bibi kwa Mtanzania ni mzaa baba au mama, kwa Mkenya ni mke. Nani kaharibu hapo?

Tena usiiulize programu ya tafsiri. Mara nyingi itakupa maana moja bila kukwambia ni ya wapi. Fungua Diccionario de americanismos ya mwaka 2010, iko bure mtandaoni, na usome vifupisho vya nchi kabla ya maana: Mx (Meksiko), Co (Kolombia), Ve (Venezuela), Ar (Argentina). Maana za Hispania usizitafute humo, kamusi hiyo ni ya Amerika tu, ziko katika kamusi ya Real Academia Española, taasisi ya lugha ya Hispania, ambako maneno machafu huwekewa alama "malson." au "vulg."