Je, wajua kwa nini kampuni ya gesi iliwahi kumiliki magari ya brekidauni?

Tuseme uko Uingereza mwaka 2001, gari limekuzimikia njiani, unapiga simu AA, kile chama cha wenye magari kilichokuwepo tangu 1905, anakuja fundi na gari lake la njano. Bosi wa huyo fundi, ukipanda ngazi mpaka juu kabisa, alikuwa ni Centrica, kampuni inayouza gesi ya kupikia na kupashia nyumba joto kwa jina la British Gas. Ndiyo, gesi. Na kampuni hiyo hiyo ilikuwa na krediti kadi yake, na mwaka huohuo ikanunua kampuni ya simu. Ilifikaje huko?

Turudi 1986. Serikali ya Margaret Thatcher ikaibinafsisha British Gas, hisa moja peni 135, wananchi wa kawaida wakahimizwa wanunue kwa matangazo ya kumtafuta jamaa wa kubuni anaitwa Sid ili apewe habari. Waliuza kila kitu kwa mkupuo mmoja yaani visima, mabomba, mita, mafundi mpaka maduka ya majiko, na mwenye nyumba hakuwa na pengine pa kununua gesi. Ukiritimba mtamu kweli, umehama tu mkono.

Utamu ukaanza kuisha 1996, ushindani wa gesi ya majumbani ulipojaribiwa kusini magharibi mwa England, na kufikia 1998 karibu kila mtu angeweza kuhamia kwa muuzaji mwingine bila hata bomba lake kuguswa. Katikati ya hapo, Februari 1997, kampuni ikakatwa vipande viwili: kampuni iliyoitwa BG ikachukua mabomba na sehemu kubwa ya utafutaji wa gesi nje ya nchi, Centrica ikachukua wateja, mafundi, maduka, visima vya gesi vya Morecambe baharini na haki ya kutumia jina British Gas kwa wateja wa Uingereza. Ikachukua na mzigo pia, ile mikataba ya zamani ya "chukua usichukue utalipa", bei zilipangwa wakati gesi ghali halafu katikati ya miaka ya 90 bei ya sokoni ikaporomoka, sasa washindani wapya wananunua rahisi na wewe umefungwa huku juu.

Hebu jiweke kwenye kiti cha mkurugenzi. Huna bomba. Gesi unayouza ni ile ile ya jirani yako, haina rangi wala ladha ya kampuni, faida yake ni nyembamba, baridi isipokuwa kali mauzo yanashuka, na mteja anakukimbia kwa simu moja tu (mamilioni walikimbia kweli). Ulichobaki nacho ni orodha ya mamilioni ya kaya, mtambo wa kutuma bili, jina linalojulikana na mafundi wenye magari. Basi wakajiuliza, kwani hawa watu tukiwauzia na vitu vingine?

Goldfish, ile krediti kadi, ilishaanza 1996: unatumia kadi, unapata pointi, pointi zinakupunguzia bili ya gesi. Ujanja mzuri wa kumfunga mteja asihame. Umeme ukafuata soko lake lilipofunguliwa, na huo haukuhitaji akili nyingi, nyumba ile ile, bili ile ile. AA wakainunua 1999 kwa pauni bilioni 1.1, wanachama wenyewe walipiga kura wakagawiwa hela. Watu walicheka ila mimi naona kulikuwa na mantiki kuliko inavyoonekana, maana mkataba wa kuhudumia boila (mtambo wa kupashia nyumba joto) na uanachama wa AA ni biashara moja: mtu analipa kila mwaka akiomba Mungu kisiharibike, kikiharibika anapiga simu, fundi anakuja. One.Tel, ile ya simu, ndo sikuwahi kuielewa, hapo hakuna fundi wala bomba, ni orodha ya majina tu.

Na mwisho wake vyote hivyo vikauzwa. Goldfish ikaenda benki ya Lloyds TSB 2003, One.Tel ikaenda kwa wauza simu Carphone Warehouse 2005. AA iliuzwa 2004 kwa makampuni ya uwekezaji CVC na Permira kwa pauni bilioni 1.75, kwa hiyo kama dili ililipa vizuri sana, lakini ndoto ya nyumba moja kununua gesi, simu, mkopo na brekidauni kwa mtu mmoja ilishaisha. Mteja alikuwa anachagua kila kitu kivyake, kile cha bei nafuu, hakujali jina lililoko juu ya bili.

Umeme ukabaki, boila zikabaki. Hela za AA ziliporudi kampuni ikageukia zaidi visima na mitambo ya umeme, mpaka 2009 ikachukua hisa asilimia 20 za British Energy, kampuni ya vinu vya nyuklia vya Uingereza, pamoja na EDF, kampuni ya umeme ya Ufaransa. Ilikuwa pia na ghala la gesi la Rough chini ya bahari, lililonunuliwa 2002, likafungwa 2017 kwa uchakavu, lilifunguliwa tena Oktoba 2022 gesi ilipopanda bei Ulaya nzima.

Na yale magari ya njano bado yanazunguka huko, ila siku hizi yako kivyao.