Si kila kinachochoma kifuani ni vidonda

Shangazi yangu wa Mikindani hatoki nyumbani bila vidonge vyake vyeupe vya kutafuna, kavifunga kwenye pindo la kanga. Kwake, chochote kinachouma kati ya koo na kitovu ni vidonda vya tumbo, na vidonda vinaletwa na mawazo, pilipili na kushinda njaa.

Pilipili inachokoza tumbo lililokwisha kuumia, sawa. Lakini mara nyingi mwenye kuliumiza ni bakteria aitwaye H. pylori, au dawa za maumivu kama diklofenaki na aspirini. Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walipolisema hilo la bakteria, wenzao wengi hawakuwaamini. Mwaka 1984 Marshall akawanywa bakteria hao mwenyewe, tumbo likamvuruga kweli. Tuzo ya Nobel ikawafuata 2005.

Sasa maneno yamehamia upande wa pili: eti bakteria hao ndio wanaoziba mishipa ya moyo, ukimaliza dozi ya kuwaua umepona vyote. Hapa pana chembe ya ukweli. Tafiti kadhaa zimekuta wenye bakteria hao wakiwa na lehemu (kolesteroli) mbaya juu kidogo na ile nzuri chini kidogo, na tumbo lililovimba kwa ndani kwa miaka linaweza kuchochea uvimbe hata kwenye kuta za mishipa, mahali ambapo mafuta hujibandika. Ila vitu viwili kukutwa pamoja si ushahidi kwamba kimoja kimemzaa mwenzake. Karibu nusu ya watu duniani wamewahi kukadiriwa kuwa na bakteria huyu, wengi tangu utotoni. Dozi inatibu tumbo. Presha, sukari, sigara na lehemu mbaya vinabaki palepale vikisubiri kushughulikiwa.

Wengine huuliza: "Nazi ni mti, ina lehemu gani?" Kweli, haina hata chembe. Lakini sehemu kubwa ya mafuta yake, zaidi ya asilimia 80, ni ya aina inayoganda, na hayo hupandisha lehemu mbaya kwenye damu. Nilipomwambia shangazi, alinitazama kama nimetukana ukoo. Sikumkataza samaki wa nazi, mimi mwenyewe siachi. Nilisema tui zito lisiwe la mchana na usiku. Korosho tunazisingizia bure, mafuta yake mengi ni ya aina nzuri. Chumvi inayopakwa juu ndiyo ya kuogopa.

Kinachonitisha zaidi ni kifua. Kikibana kama kimewekewa gunia, maumivu yakapanda begani au tayani, kijasho chembamba kikakutoka, hiyo si saa ya kutafuna vidonge. Ni ya kukimbilia hospitali. Na wanaojinunulia aspirini "kulainisha damu" huku wana vidonda wajue inaweza kuwatoa damu tumboni, choo kikawa cheusi kama lami.

Shangazi hatimaye alikwenda kupima choo. Wakamrudisha: alikuwa anameza omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi tumboni, nayo huwaficha bakteria, aiache wiki mbili kwanza. Kabla hajaondoka wakamfunga kipimo cha presha mkononi. Ilisoma 168 kwa 100, iko juu.

"Hii nayo imetoka wapi, mwanangu?" akaniuliza, vidonge vyake bado viko pindoni.